Bwawa linashuka, shemeji amenuna: nifukie, niweke nailoni, au niache likauke?

Kamwene Anti, na shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Mufindi, si mbali na mji wa Mafinga. Mume wangu yuko kwenye kazi za mbao na muda mwingi huwa safarini. Marehemu baba mkwe alituachia eneo linaloteremka kutoka nyuma ya nyumba hadi kwenye vinyungu, bustani za bondeni, na chini kabisa kinapita kijito. Sehemu ya juu ni yetu. Ya chini ni ya shemeji, mdogo wake mume wangu, ambaye kiangazi hulima kabichi, njegere na viazi.

Kiangazi cha mwaka jana, kwa pesa za kikoba na kwa baraka za mama mkwe, nilichimbisha bwawa la samaki pale ardhi inapoanza kuwa na unyevu. Lina urefu wa mita 15 na upana wa mita 10. Kina ni sentimita 80 upande wa juu na mita 1 na sentimita 20 upande wa chini. Vijana walichimba kwa majembe, na udongo uliotoka ndio waliojengea ukingo. Maji nayatoa kwenye mfereji wa chemchemi tunaougawana na majirani kwa zamu. Zamu ya familia yetu ni Jumatatu na Alhamisi, yangu na ya shemeji kwa pamoja, maana mfereji ulikuwa wa baba yao. Nilipandikiza vifaranga 600 vya sato.

Kifuku kilipokolea maji yalizidi. Hata nilipofunga kabisa njia ya mfereji, bwawa liliendelea kupanda lenyewe. Mwezi wa tatu maji yalipita juu ya ukingo, kona moja ikabomoka, tope likaangukia matuta mawili ya njegere za shemeji. Tukaziba kwa viroba vya mchanga. Hakusema kitu wakati ule.

Sasa ni Oktoba, shida imegeuka. Maji yameshuka zaidi ya nusu mita. Nisipofungulia mfereji yanashuka sentimita kama tatu kwa siku, kijiti nilichochomeka kinaonyesha. Kwa hiyo siku za zamu nafungulia maji yote asubuhi, naenda dukani kwangu, nikirudi mchana nafunga. Mfereji wenyewe umepungua, ndoo ya lita 20 inajaa nikihesabu taratibu hadi arobaini. Hata hivyo bwawa halipandi. Samaki nao ni wadogo, wengi wao urefu wa kidole, na asubuhi huwaona wamejazana juu wakifunguafungua midomo.

Shemeji amekwenda kwa wazee kusema namnyonya maji na kabichi zake zinakauka. Mimi naona ni wivu, kwa sababu vinyungu vilikuwepo miaka yote na hakuna aliyewahi kugombania mfereji. Mume wangu kwenye simu anasema nifukie bwawa yaishe. Fundi mmoja anasema bwawa linavuja, nitandike nailoni ndani yake na tatizo litakwisha kabisa. Pesa ya nailoni ninayo, lakini ndiyo niliyotunza kwa mahitaji ya binti yangu anayeingia kidato cha kwanza Januari. Mama mkwe amenyamaza tu. Wazee wametuita tukae mwisho wa mwezi huu.

Nifanyeje, Anti? Nisingependa kuonekana nimeshindwa, lakini pia nisingependa kuvunja undugu kwa ajili ya samaki.

Mama wa Bwawa, Mufindi

*

Marahaba mwanangu, na kamwene pia.

Barua yako ina maswali matatu yaliyochanganyika: maji yanakwenda wapi, pesa ya binti iende wapi, na wewe na shemeji mtazungumza vipi mbele ya wazee. Naanza na la maji. Kwa sasa kila mtu katika ukoo huu ana jibu lake juu ya maji hayo, na hakuna aliyeyapima isipokuwa wewe na kijiti chako. Kijiti hicho ni mwanzo mzuri sana.

Fundi amekuambia bwawa linavuja. Huenda. Lakini maji ya bwawa yana njia zaidi ya moja ya kuondoka, na nailoni inaziba baadhi tu. Njia ya kwanza ni juu: jua na upepo. Huku kwetu Septemba na Oktoba, mbingu ikiwa wazi na upepo ukivuma, bwawa hupoteza milimita 4 hadi 6 kwa siku bila kuvuja hata tone. Tuseme milimita 5. Kuanzia Juni hadi mwisho wa Oktoba ni siku zipatazo 150, na hiyo ni sentimita 75. Kwa hiyo bwawa lako lingetandikwa nailoni bora kuliko zote, likakaa bila kuongezwa maji, Oktoba bado lingekuwa limeshuka kwa zaidi ya nusu ya kina chake. Fundi anayesema tatizo litakwisha kabisa hajaihesabu hiyo.

Njia ya pili ni chini na pembeni, huko ndiko kuvuja kwenyewe. Kuna na ya tatu, ambayo wengi huisahau. Umeandika kwamba kifuku bwawa lilipanda ingawa ulifunga mfereji. Sehemu ya maji hayo ilikuwa ya mvua na ya mteremko, lakini kwa mahali ulipochimba, ardhi yenye unyevu juu tu ya vinyungu, nashuku maji ya ardhini nayo yaliingia. Kifuku maji hayo hupanda na kulisha bwawa, kiangazi hushuka na bwawa hushuka nayo. Bwawa la namna hiyo halina tundu la kuziba. Linafuata ardhi.

Utatenganishaje njia hizi? Kwa ndoo. Chukua ndoo ya lita 20, weka mawe machache ndani isielee, isimamishe juu ya matofali ndani ya bwawa karibu na ukingo, mdomo wake ukiwa juu ya maji kwa kiasi cha kiganja. Ijaze maji ya bwawa hadi yalingane na maji ya nje. Weka alama ndani ya ndoo kwa msumari, na alama nyingine kwenye kijiti chako. Funga mfereji kabisa, zuia ng'ombe na watoto, kisha subiri saa 48. Kilichopungua ndani ya ndoo kimekwenda na jua. Bwawa limepoteza hicho pamoja na kilichoingia ardhini. Ndoo ikishuka sentimita 1 na bwawa sentimita 6, basi sentimita 5 zimepita ardhini. Sababu ya kuiweka ndoo ndani ya bwawa, na si uani, ni kwamba maji yake yapate joto lile lile. Ikiwekwa juani peke yake itakudanganya.

Kipimo cha pili ni mashimo mawili, moja mita 2 juu ya bwawa na jingine mita 2 chini ya ukingo, upana wa jembe na kina cha mita 1 na nusu. Yafunike kwa mbao watoto wasitumbukie. Kesho yake azima mpira mwembamba unaoonyesha maji, ule wa mafundi ujenzi wa kupimia usawa, ulinganishe maji ya kila shimo na maji ya bwawa. Shimo la juu likiwa na maji ya chini kuliko bwawa, au likiwa kavu, kwa sasa bwawa ndilo linalolisha ardhi. Rudia Machi. Shimo la juu likizidi bwawa, utajua ardhi ndiyo inayolilisha.

Halafu tembea chini ya ukingo ukiangalia nyasi na matuta ya shemeji. Pana sehemu ya kijani kuliko nyingine? Pana unyevu unaochuruzika? Nauliza kwa sababu maji unayoyaita yamepotea yanaweza kuwa yanatokea kwake. Sisemi ni hivyo; kaangalie, na ikiwezekana mwite naye mwangalie pamoja. Angalia pia rangi ya mchuruziko wowote. Maji maangavu yanayotoka polepole hayana haraka. Yakitoka na tope, yanabeba udongo wa ukingo kutoka ndani, na ukingo huo siku moja utaondoka wote.

Sasa hesabu ya mfereji. Hapa naomba unisikilize kwa moyo mkunjufu, maana nitagusa neno lako la wivu.

Maji yakishuka nusu mita kwenye bwawa lenye kuta za mteremko, uso wake hubaki kama mita za mraba 100. Kila sentimita moja ni lita 1,000. Sentimita 3 ni lita 3,000 kwa siku, au ndoo 150, na kwa wiki ni lita 21,000. Mfereji unaojaza ndoo kwa sekunde 40 hutoa lita 30 kwa dakika. Ukiufungulia wote kwa muda wa saa tano, unapata lita 9,000. Kwa zamu mbili ni lita 18,000. Ndiyo maana bwawa halipandi, unaingiza pungufu kidogo ya kinachotoka. Na ndiyo maana kabichi zinakauka, kwa sababu siku mbili pekee za zamu yenu, asubuhi yote, ambao ndio muda mzuri wa kumwagilia kabla jua halijawa kali, mfereji wote uko kwako. Zamani hakuna aliyegombania mfereji, ni kweli, lakini zamani hapakuwa na bwawa juu yake. Wivu unaweza kuwepo, sijui moyo wa shemeji. Ila hata asingekuwa na chembe ya wivu, bado angekuwa na kabichi zilizokauka. Na kuna matuta mawili ya njegere ya mwezi wa tatu. Umesema hakusema kitu. Je, aliambiwa pole? Alipewa japo debe la mbegu? Hilo hukuandika, nami naliacha kwako.

Angalia uwezekano huu: kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na moja alfajiri ni saa tisa. Kwa mfereji huo huo ni lita zaidi ya 16,000 kwa usiku mmoja, na kwenye mifereji mingi ya namna hii maji ya usiku hupita tu mashambani hadi kijitoni. Usiku mbili za zamu zinazidi mahitaji ya wiki nzima ya bwawa lako la Oktoba, na asubuhi yote inabaki ya kabichi. Uwezekano huu una hatari zake, hata hivyo. Lazima kuwe na bomba la kupunguzia maji ili usije kuamka ukingo umepasuka. Juni na Julai maji ya usiku ni baridi mno kwa sato, kwa hiyo miezi hiyo itabidi kuingiza kidogo kidogo mchana. Na majirani wa chini zaidi wanaotegemea maji ya usiku lazima waulizwe kwanza. Njia nyingine ni kuachana na zamu ya mfereji mzima, ukavuta bomba la nusu inchi linalotoa lita 2 kwa dakika mchana na usiku. Hizo ni takriban lita 2,900 kwa siku, karibu sawa na unazopoteza, na mfereji hautazisikia sana. Lakini bomba la siku saba linaingia kwenye siku za wengine, na hilo ni la kikao, si la fundi.

Sasa nailoni. Kwa bwawa la mita 15 kwa 10, pima urefu, ongeza kina mara mbili, ongeza nusu mita kila upande ya kufukia kwenye mtaro wa juu. Utahitaji kipande cha karibu mita 18 na nusu kwa 13 na nusu, takriban mita za mraba 250. Kiwe cha unene wa nusu milimita au zaidi, kwa sababu nailoni nyembamba ya kawaida huchanika kwa jua na kwa mawe. Kabla ya kutandika, toa mizizi na kokoto zote na tandika mchanga laini. Kinachonitia wasiwasi kwako si bei peke yake. Kama maji ya ardhini hupanda kwenye bwawa lako kila kifuku, yatakuja chini ya nailoni na kuisukuma. Huvimba katikati ya bwawa kama andazi, hupasuka kwenye maungio, na kuishusha ni kazi. Wanaotandika mahali pa namna hiyo huweka kwanza mtaro wa kokoto na bomba lenye matundu chini ya nailoni, la kutoa maji nje ya ukingo, na hiyo ni gharama nyingine. Ndiyo maana nakuomba upime kabla pesa ya binti haijatoka mkononi. Ndoo ikionyesha karibu yote inakwenda na jua, nailoni haitakusaidia. Ikionyesha sehemu kubwa inapita ardhini, na shimo la juu likabaki kavu hata Machi, basi fundi atakuwa na hoja.

Kati ya nailoni na kufukia kuna mambo ya bei nafuu ambayo mafundi huyaruka kwa sababu hayauzwi dukani. Bwawa lenye mwaka mmoja huvuja zaidi ya litakavyovuja baadaye, tope laini huziba vinyweleo vyenyewe. Unaweza kulisaidia kwa udongo mfinyanzi. Chukua udongo mbichi, ufinyange uwe mpira wa ukubwa wa ngumi, urushe juu kimo cha mtu na uudake; ukibaki mzima, unafaa. Ulowanishe na uukanyage sakafuni kwa unene wa sentimita 15 hadi 20. Pengine tandika samadi mbichi ya ng'ombe sentimita 10, funika kwa majani ya mgomba, kisha udongo juu yake uushindilie na uuache na unyevu wiki mbili au tatu. Ikioza bila hewa hufanya utando unaozuia maji. Baada ya hapo jaza na umwage maji ya kwanza kabla ya kurudisha samaki, kwa sababu samadi inayooza hunyang'anya hewa.

Ukingo nao una deni lake. Vijana wakichimba kwa haraka hurundika udongo juu ya nyasi. Nyasi zikioza, mstari ule unakuwa njia ya maji. Dawa ni kuchimba mtaro katikati ya ukingo, upana wa nusu mita, hadi nusu mita chini ya ardhi ya asili, na kuujaza mfinyanzi kwa tabaka za sentimita 15 hadi 20, kila tabaka likishindiliwa kwa gogo. Juu ukingo uwe na upana wa mita 1 au zaidi na uzidi maji ya juu kabisa kwa sentimita 30 hadi 50. Udongo mpya hushuka, kwa hiyo ongeza sentimita 10 hadi 20 kwa kila mita ya kimo. Panda ukoka. Usipande migomba wala mikaratusi juu yake: mizizi ikifa huacha matundu, na mikaratusi iliyo karibu, ambayo Mufindi tunayo ya kutosha, inakunywa maji yako ikiwa hai. Matundu mengine ni ya kaa wa mtoni na fuko, ingawa watu wa mabwawa huwatupia kaa lawama ya kila kitu.

Kwa ile kona iliyobomoka, viroba vya mchanga havitoshi kifuku kijacho. Juu ya bwawa chimba mtaro wa kukinga maji ya mteremko, upitie pembeni hadi mahali ambapo si kwenye matuta ya mtu. Weka bomba la inchi 4 la kupunguzia, lenye wavu mdomoni, na kila mvua ikikatika safisha wavu, maana majani yakiziba ni sawa na kutokuwa na bomba. Kwa mvua kubwa bomba moja halitoshi. Acha sehemu ya ukingo, pana kama mita 1 na iliyoota nyasi nene, iwe chini kidogo ya kwingine, maji yapite hapo bila kuchimba.

Samaki wako wadogo hawatokani na maji pekee. Vifaranga 600 kwenye mita za mraba 150 ni wanne kwa kila mita, na wastani unaofaa bila pampu ya hewa ni kama wawili hadi watatu. Sato majike na madume wakiwa pamoja huzaana ndani ya miezi michache, na hao wa urefu wa kidole wengi wao ni watoto wa wale ulionunua. Maji yakipungua nusu, msongamano unakuwa maradufu. Kuna na baridi: sato hukua vizuri kwenye nyuzi joto 25 hadi 30, chini ya 20 hudorora, na Juni huku kwetu maji mafupi hupoa upesi. Nami ningependa upandikize kwa kadiri ya maji ya Oktoba, si ya Machi. Kule kufunguafungua midomo alfajiri ni kukosa hewa. Acha kuwapa pumba na kutia samadi kwa siku kadhaa, maji mapya yaanguke kutoka kimo cha sentimita 30 yakiruka, na vua wadogo muwale au muwauze. Tumbukiza mkono hadi kiwiko. Usipoona kiganja chako, ukijani umezidi.

Hilo la kuvua linanileta kwenye swali lako la kuliacha likauke, ambalo uliligusa kama vile ni kushindwa. Mabwawa mengi ya nyanda za juu kusini yanaweza kuendeshwa kwa msimu. Maji mengi na joto huku huja pamoja, Novemba hadi Aprili. Ukipandikiza mvua zikishika na kuvua kabla ya Agosti, miezi ya ugomvi wa mfereji inakukuta huna samaki wa kuokoa. Kukausha huua vitoto vyote vilivyozagaa na kukupa nafasi ya kuzoa tope na kunyunyiza chokaa ya kilimo, kilo 10 hadi 20 kwa kila mita za mraba 100. Hasara yake ni kwamba mfinyanzi ukikauka sana hupasuka na bwawa hujazwa tena likivuja kuliko awali, hivyo tope la chini liachwe na unyevu na nyufa zikanyagwe kabla ya kujaza. Pia samaki wa msimu mmoja hawatakuwa wakubwa kama wa sokoni Mafinga. Nusu ya njia hiyo ni kuchimba shimo la mita 3 kwa 3 upande wa kutolea, sentimita 60 zaidi ya sakafu, wachache wakimbilie huko Oktoba. Ila ukigonga tabaka la mchanga, umelitoboa bwawa kwa mkono wako, na samaki waliobanana ni karamu ya mnandi na fisi maji.

Kufukia, alivyosema mume wako, kunanyamazisha kikao. Shimo lililofukiwa ovyo hubaki tope na hutitia, kwa hiyo nako kuna gharama ya kushindilia. Ningependa kujua mume wako anafukia kwa sababu ya maji, kwa sababu ya pesa, au kwa sababu amechoka kupigiwa simu na mdogo wake akiwa barabarani. Hizo ni sababu tatu tofauti, na kila moja ina jibu lake. Mama mkwe naye alibariki bwawa. Kunyamaza kwake mbele ya wanawe wawili si lazima kuwe upande wowote. Pengine anangoja aulizwe faraghani, kabla ya wazee.

Jambo moja ambalo kikao cha ukoo hakiwezi kulimaliza: pima umbali wa bwawa hadi kijito na hadi chemchemi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60, na Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 inataka kibali kwa matumizi ya maji yanayozidi ya nyumbani. Ofisi ya maji ya Bonde la Rufiji, inayoshughulikia vibali hivyo, iko Iringa mjini, na afisa uvuvi wa halmashauri anaweza kuja kuona. Kama uko ndani ya mita 60, ni heri ulijue kabla ya kununua nailoni.

Na weka uzio, japo wa matete, upande wa nyumba. Bwawa lililoshuka lina kingo za utelezi, na mtoto akiingia hapandi.

Ndoo na mashimo ni kazi ya siku nne, tano, nayo inataka anga kavu. Mvua ya kwanza ikidondoka katikati ya saa 48, alama ya msumari haina maana tena, itabidi uanze upya au ungoje hadi Juni. Kama utapima, pima wiki hii, na ukiweza mwombe shemeji aje kuisoma ndoo pamoja nawe, ili mkifika kwa wazee wote wawili muwe mnataja tarakimu zile zile.